Broila, chotara, kienyeji na "mstaafu": kuku yupi kwa sufuria ipi

Mchinjaji alipopasua firigisi ndipo nilipojua nimeingizwa mjini. Nilikuwa nimelipa shilingi 23,000 kwa tembe mmoja mwekundu, mzito mkononi, na muuzaji ameniapia kwamba kashuka alfajiri na lori la Singida. "Mama, huyu ni kienyeji orijino, ukishamla utanitafuta mwenyewe." Sasa firigisi ya kuku aliyechakura Singida huwa na changarawe, punje za mtama, majani, pengine na bawa la panzi. Hii ilikuwa na rojo laini la kahawia, chakula cha dukani kitupu. Nikamwomba mchinjaji anioneshe kichwa, ambacho kilikuwa kishatupwa kwenye ndoo. Mdomo wa juu ulikuwa mfupi kuliko wa chini, umekatwa butu. Kuku wa mayai huyo, aliyemaliza kutaga akaondolewa bandani. Sisi nyumbani tunamwita mstaafu.

"Mama, siku nyingine anza na mdomo," kijana akaniambia huku anaosha kisu.

Kilichoniudhi zaidi kilikuja baadaye. Nilimchemsha mstaafu wangu kwa saa mbili na nusu, moto mdogo, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, na supu ikatoka tamu. Mama mkwe wangu, ambaye hasifu ovyo, aliongeza bakuli la pili na kuuliza kuku nimempata wapi. Kumbe kwenye ladha sikuibiwa. Niliibiwa kwenye bei, maana kuku huyohuyo kwa jina lake halisi ni 10,000 au 11,000. Tangu siku hiyo sinunui tena jina la kuku. Nauliza ana umri gani, na nitampika nini.

Siku alizoishi

Ukiacha mbwembwe za sokoni, kinachotofautisha kuku mmoja na mwingine mdomoni ni siku alizoishi na alivyozitumia. Broila, kuku wa kisasa wa nyama, anachinjwa akiwa na wiki nne hadi sita. Ni kifaranga mwenye mwili wa kuku. Msikilize anavyolia, sauti bado ya kitoto. Kienyeji wa kujitafutia anachukua miezi sita, saba, wengine nane, ndipo awe kuku wa kuchinjwa. Miezi yote hiyo anatembea, anachakura, analala juu ya mti, anakimbizana na mwewe. Msuli unaofanya kazi unajaa ile protini nyekundu inayotunza oksijeni ndani ya nyama, na hiyo ndiyo inayolifanya paja la kienyeji liwe jekundu la kuiva wakati la broila limepauka. Nyuzi zinazoshika nyama na mfupa nazo zinakomaa kadiri umri unavyokwenda. Ukipika haraka zinakushinda kutafuna. Ukipika polepole zinayeyuka na kuwa ule ute unaonatisha midomo ukinywa supu. Ute huo huupati kwa kuku wa wiki tano, hata umtie viungo vya Unguja nzima.

Niseme na hili la sindano, maana kila nikitaja broila kuna mtu ataleta habari za homoni. Broila hakui kwa homoni, anakua kwa uzao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichukua kuku wa uzao uliohifadhiwa bila kubadilishwa tangu 1957, wakawaweka pamoja na broila wa uzao wa 2005, wote wakala chakula kilekile. Siku ya 56 wale wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905. Wale wa 2005 walikuwa na gramu 4,202. Yaani wafugaji wa mbegu wamekaa miongo kadhaa wakichagua wanaokua haraka tu, mpaka uzito ukafika kabla ya utu uzima. Kosa la broila ni hilo: ladha haikupata muda wa kuingia.

Cha kumuuliza mfugaji wa broila ni dawa. Kuku akipewa antibiotiki kuna idadi ya siku lazima zipite kabla hajachinjwa, zimeandikwa kwenye pakiti ya dawa yenyewe. Mfugaji anayeogopa kuku kuzidi kula chakula wakati mteja yuko mlangoni anaweza asizihesabu. Mimi nauliza waziwazi: "Hawa mara ya mwisho wamekunywa dawa lini?" Anayejua kazi yake anajibu palepale. Anayeanza kucheka na kunizungusha, naenda zangu.

Broila na kienyeji wakiwekwa meza moja

Siku moja nilipima kwa mizani ya jikoni. Broila aliyekwisha kuoshwa, bila utumbo wala kichwa, alikuwa kilo 1.2, nilimnunua 8,500. Kienyeji tembe, naye ameoshwa, hakufika kilo 1.1, na nilimlipia 22,000. Broila aliiva kwa dakika 35. Kienyeji alikula saa moja na dakika 50 za mkaa. Ukipiga hesabu ya nyama tu, bila mifupa, kienyeji anakuwa ghali kupita hata bei ile inavyoonyesha, maana kidari chake ni chembamba na mfupa wake ni mzito.

Kwa hiyo mwenye watoto wanne na anayetaka kuku wa kukaanga wa siku ya kawaida, asijione mshamba kununua broila. Nyama yake laini inapokea viungo upesi, haihitaji kuchemshwa kwanza, na mtoto wa miaka miwili anaitafuna. Kienyeji ukimkaanga moja kwa moja kama wa chipsi utakuwa unatafuna kamba. Hata hivyo supu, mchuzi wa nazi wa mgonjwa na wa mzazi, na kuku wa kumpa mgeni aliyetoka mbali, hapo broila haingii.

Kuna njia ya katikati ambayo wateja wengi hawaijui. Wauza chipsi ndio waliotupangia ukubwa wa broila: wanataka mdogo, akatike robo nne zinazolingana. Ndiyo maana wengi wanauzwa wiki ya nne au ya tano. Mimi nina makubaliano na mama mmoja wa mtaani kwetu anayefuga nyuma ya nyumba. Namwachia pesa ya kuku wanne aniwekee mpaka wiki ya saba, nikimwongezea gharama ya chakula. Wiki mbili hizo si mchezo. Nyama inakaza kidogo, mafuta ya chini ya ngozi yanapatikana, na mchuzi unaanza kuwa na kauli. Sharti langu lingine kwake ni kupunguza dagaa kwenye chakula siku za mwisho. Umewahi kula broila ukahisi kama kalala na samaki? Ni dagaa hao.

Kuhusu rangi ya ngozi, tahadhari. Watu wanasema wa njano ndiye kienyeji. Njano inatokana na majani na mahindi ya njano, na broila wetu wengi wanalishwa mahindi meupe, ndiyo maana wanapauka. Lakini chotara, yule wa mbegu iliyochanganywa, akilishwa vizuri naye anakuwa wa njano, na kuna kienyeji ambao kwa asili ngozi yao ni nyeupe. Usilipe 20,000 kwa sababu ya rangi peke yake.

Wanaojifanya kienyeji

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa.

Wanaovaa jina la kienyeji ni wawili: chotara na mstaafu. Chotara wanaojulikana zaidi kwetu ni Kuroiler, aliyetengenezwa India, na Sasso, mwenye asili ya Ufaransa. Ni kuku wakubwa, wa rangi mbalimbali, wanaofika kilo mbili na zaidi kwa miezi mitatu hadi minne wakilishwa. Mstaafu nimeshamtaja: amezalishwa kwa ajili ya mayai, anaondolewa bandani akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, utagaji unapoanza kushuka na chakula kuwa hasara.

Anza na tenga lenyewe kabla hujamshika yeyote. Tenga la kienyeji wa kweli ni kama abiria wa daladala, hakuna anayefanana na mwenzake: mweusi, kijivu, wa madoadoa, kishingo asiye na manyoya shingoni, mkubwa mmoja kati ya wadogo watano. Ukikuta tenga zima wekundu, kimo kimoja, unene mmoja, hao wametoka banda moja na kijiji hawakijui.

Kisha mdomo. Kuku wa mayai wengi hukatwa ncha ya mdomo wakiwa wadogo wasidonoane, na haioti tena ikawa kama ya awali. Kienyeji ana mdomo mzima, uliochongoka, mara nyingi una udongo. Upanga wa mstaafu, ile nyama nyekundu ya kichwani, ni mkubwa, umelala upande mmoja kama kofia iliyochoka; wa tembe wa kienyeji ni mdogo, umesimama. Angalia na manyoya ya shingo na mgongo: mstaafu huwa amenyonyoka kwa kusuguana bandani.

Halafu miguu. Kienyeji ana miguu myembamba, magamba makavu, kucha butu zilizolika kwa kuchakura, na nyayo ngumu kama za mtu asiyevaa viatu. Chotara miguu yake minene, mara nyingi laini na ya njano safi. Tena chotara ni mpole. Ukimbeba anatulia kwapani kama mkoba, wakati kienyeji ukimfungua kamba utamtafuta juu ya bati.

Akishanyonyolewa kazi inakuwa ngumu, na ndiyo sababu sinunui "kienyeji" aliyekwisha nyonyolewa kwa mtu nisiyemfahamu. Kama huna budi, omba firigisi ipasuliwe mbele yako kabla hujatoa pesa. Ya kienyeji ni kubwa kwa mwili wake, ngumu, nyekundu iliyokolea, na ndani utakuta mchanga na mawe. Chotara aliyefugwa nje naye atakuwa na mawe kidogo. Aliyekaa ndani ana pumba tu.

Sasa msinielewe vibaya, simtukani chotara. Ufaransa kuna kuku wanaouzwa kwa nembo ya Label Rouge, bei yao juu, na sharti mojawapo ni kwamba hawachinjwi kabla ya siku 81. Mbegu za Sasso ni miongoni mwa zinazotumika kule. Kwa hiyo yule Sasso wa miezi mitatu na nusu tunayemwita "kienyeji feki", Mfaransa anampangia foleni. Kwangu mimi chotara aliyefunguliwa akala majani ndiye kuku bora wa pilau na wa kuchoma: ana nyama ya kutosha watu sita, ana ladha, haendi saa mbili jikoni. Nilitajiwa kati ya 15,000 na 17,000 mara ya mwisho nilipozunguka. Ubaya wake ni muuzaji kumbatiza jina la mwenzake na kudai 24,000. Majirani zetu Kenya wana mkanganyiko huohuo: kituo cha KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Naivasha kilitoa kienyeji aliyeboreshwa, na sokoni neno "aliyeboreshwa" hudondoka njiani.

Ndani ya kienyeji wenyewe

Hata ukimpata halisi, kienyeji si mmoja. Pora, jogoo kijana anayejifunza kuwika, ndiye mtamu wa kuchoma. Ana ladha na bado hajakaza. Mtetea aliyekaribia kutaga ana mafuta mazuri, mpike mchuzi wa nazi. Jogoo mzee na koo lililolea vifaranga mara nne, hao ni wa supu, wala usihangaike nao kwingine. Kuchi, yule mrefu wa kusimama wima, ana mapaja ya kutisha, lakini akikomaa utamaliza gunia la mkaa.

Umri unaupima kwa vidole. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari kwa chini: ikikunjika kama gegedu la sikio, ni kijana, ikigoma kama kijiti, mzee. Kwa jogoo tazama kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu. Kijana ana kinundu tu. Mzee ana pembe.

Na kwa aliye hai yeyote, jina lolote: macho yawe mang'avu, pua kavu, pumzi isiyo na mkoromo, na sehemu ya haja iwe safi. Kinyesi cha kijani kilichogandamana, mabawa yanayoning'inia au shingo inayopinda ni dalili za mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Ugonjwa huu ukiingia kijijini watu huuza kuku upesi kabla hawajafa, kwa hiyo ukikuta bei imeporomoka ghafla na muuzaji anakuharakisha, wewe punguza mwendo.

Wa tengani na wa friji

Kuku wa friji hapa bara wengi ni broila wa hapahapa. Tanzania ilipiga marufuku kuku wa nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Zanzibar ni habari nyingine, kule kuku wa barafu kutoka Brazili ni wa kawaida jikoni.

Uzuri wake ni usafi wa pakiti, tarehe, na uzito ulioandikwa. Ubaya ni maji. Barafu nyingi ndani ya mfuko, hasa ikiwa na wekundu, inamaanisha aliyeyuka akagandishwa tena, mwache. Mabaka meupe makavu kwenye ngozi ni kuungua kwa baridi, hapo nyama itakuwa kama pamba. Ukikuta mfupa wa paja umekuwa mweusi baada ya kupika usiogope: mifupa ya kuku mchanga ina matundu, uboho unapenya nje akigandishwa. Hana ubaya wowote.

Wa kuchinjiwa sokoni ana uhai wa ladha, ila mwangalie anayenyonyoa. Maji yakichemka kupita kiasi ngozi inaiva na kuchanika. Na yale mabeseni ambamo kuku huelea tangu asubuhi, nyama inakunywa maji na ladha inabaki kwenye beseni. Mimi nachukua aliyetoka kunyonyolewa, nampangusa, namfunga, anakwenda friji mpaka kesho yake. Nyama ikitoka tu kisuni hukaza; ukiipa usiku mmoja inalegea yenyewe, na kwa kienyeji tofauti hiyo unaiona hata kwenye mkaa.

Kwa hiyo jikoni kwangu imekaa hivi. Chipsi kuku na makange, broila wa wiki tano. Kuku wa kupaka, broila wangu wa wiki saba au pora, kwa sababu nazi inataka nyama iliyo tayari kwenye jiko la mkaa, siyo ya kubembelezwa. Biriani, chotara. Supu, yeyote mzee, na mstaafu ananitosha kabisa mradi nimlipie kwa cheo chake. Kienyeji wa 22,000 nampika mchuzi mtupu wa chumvi, kitunguu na nyanya moja. Kumrundikia viungo huyo ni kufunika kile ulichokilipia.

Jumamosi hii nina wageni na pilau. Nimeshampigia kijana wangu wa soko la kuku la Shekilango, hapa Dar, aniwekee chotara wawili wa miezi minne, na mmoja aliyekatwa mdomo, nimchemshe kwanza ili supu yake ndiyo ipikie mchele. Akacheka. "Mama, huyo wa mwisho nikuandikie kienyeji?" Nikamwambia aandike anavyotaka, nakuja na 10,000.